Wanakuja kwa Ajili ya Wenzao

Kufikia mwaka 2006 Kenya ilikuwa imepambana na Ukimwi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, na tangu hapo redio, mabango na vikundi vya maigizo vilihubiri kinga karibu kila pembe ya nchi. Katika mahubiri hayo wahusika hawakubadilika: mume na mke, au mvulana na msichana. Mjini Mombasa, watafiti walipoketi na wanaume wanaouza ngono kwa wanaume wenzao na kuwauliza wanachokijua kuhusu virusi, zaidi ya theluthi moja hawakujua kwamba VVU huambukizwa pia kwa ngono ya njia ya nyuma. Ni kosa la nani? Mtu anayeonyeshwa mwanamke katika kila bango, mwaka baada ya mwaka, ana kila sababu ya kuamini kwamba hatari iko kwa mwanamke tu.

Hata idadi yao haikuwa imejulikana. Watafiti walizunguka maeneo wanakokutana wanaume hao, wakawahesabu mara mbili na kulinganisha waliokutwa mara zote mbili, kisha wakatoa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2007: wanaume 739 ndani ya Mombasa na vitongoji vyake. Mwaka huohuo, wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kwenye kituo chao cha pwani ya kaskazini walichapisha takwimu zilizotisha zaidi. Miongoni mwa waliowapima, wanaume waliofanya ngono na wanaume pekee walikuwa na VVU kwa asilimia 43. Waliokuwa na wapenzi wa jinsia zote mbili walikuwa na asilimia 12. Kwa watu wazima wa Kenya nzima, kiwango cha wakati huo kilikuwa kama asilimia 7.

Takwimu za namna hiyo zingeweza kuishia kwenye makabati ya ofisi. Bahati nzuri kulikuwa na watu waliotaka zifanyiwe kazi. Kituo cha kimataifa cha afya ya uzazi kilichoko Mombasa, ICRH, kwa kushirikiana na shirika la utafiti la Population Council, kilichagua wanaume 40 kutoka humo humo katika kundi, kikawafunza na kuwarudisha kwa wenzao wakiwa waelimishaji rika. Hawakuvishwa koti jeupe. Walirudi kwenye vijiwe vyao vya kila siku wakiwa na kondomu, vilainishi vya maji na habari sahihi, na anwani ya mahali ambapo mtu angeweza kupimwa bila kusimangwa. Utafiti uliporudiwa mwaka 2008, waliosema kwamba wanatumia kondomu kila mara na wateja wao walikuwa wamepanda kutoka asilimia 36 hadi 50.

Nusu nzima bado ilikuwa hatarini, ni kweli. Lakini ndani ya miaka miwili, katika nchi ambayo Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mwanaume miaka 14 kwa sababu ya mapenzi yake, watu 40 walisaidia kubadilisha tabia ya wenzao wengi. Inafaa kuuliza walifanyaje.

Warsha za aina hii hufanana, iwe Mombasa, Kisumu au Nairobi. Viti hupangwa duara ili asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Simu huzimwa, na mara nyingi hukusanywa, kwa sababu picha moja ikitoka nje inaweza kumnyima mtu kazi, nyumba na wazazi kwa siku moja. Kila mtu hujitambulisha kwa jina alilojichagulia. Kisha mwezeshaji, ikiwa anaijua kazi yake, hakurupukii magonjwa. Anaacha watu waseme yaliyowajaa. Mmoja amefukuzwa na mwenye nyumba baada ya jirani kunong'ona. Mwingine ametoa pesa zote za wiki kwa askari aliyemtishia kumpeleka kituoni. Wa tatu ameambiwa na mama yake kwamba mchumba ameshapatikana na mahari inajadiliwa. Saa ya kwanza inaweza kupita bila neno kondomu kutajwa, na saa hiyo haijapotea, kwa maana mtu hawezi kusikiliza habari za kulinda mwili anaoambiwa kila siku kwamba haustahili kulindwa.

Halafu linakuja somo lenyewe, na lina vitu vya kuonwa kwa macho. Zoezi mojawapo linalopendwa huhitaji puto au kondomu ya mpira iliyopulizwa na kopo la mafuta ya kujipaka. Mwezeshaji anachovya kidole na kuupaka mpira huku akizungumza kama kawaida. Chumba kizima kinatazama. Muda si mrefu, pa! Puto limepasuka. Lingine linapakwa kilainishi cha maji, linasuguliwa, linazungushwa kutoka mkono hadi mkono, na halipasuki. Hapo ndipo wengi hushika vichwa, kwa sababu mafuta ya mgando ndiyo waliyokuwa wakiyatumia miaka yote, wakijiona salama kwa kuwa walivaa kondomu. Sayansi ya jambo hilo ilipimwa maabara na kuchapishwa mwaka 1989 na kundi la mwanabiolojia Bruce Voeller: dakika moja tu ya kuguswa na mafuta ya madini hupunguza uimara wa mpira wa kondomu kwa takriban asilimia 90. Voeller mwenyewe alikuwa shoga na mmoja wa waanzilishi wa National Gay Task Force ya Marekani, na alifariki kwa Ukimwi mwaka 1994.

Baada ya puto, maswali humiminika. Je, kisonono kinaweza kukaa nyuma? Kinaweza, na mara nyingi hakitoi usaha wala maumivu, kwa hiyo kipimo cha mkojo peke yake hakitakigundua. Inatakiwa kuchukuliwa sampuli palepale kilipo. Vipi koo? Vivyo hivyo. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, na ni wachache mno wanaojua kwamba wanaweza kuiomba. Kenya ilipoanza kutoa PrEP, vidonge vya kumkinga asiye na virusi, mwezi Mei 2017, warsha ndizo zilizowaeleza wanaume hawa kwa lugha yao kwamba dawa hiyo si ya wagonjwa. Na kwa wale wanaoishi na VVU ipo habari ambayo huwatoa watu machozi kila inaposemwa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wanaume, mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana. Walifanya ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Pale ambapo dawa zilikuwa zimefubaza virusi hadi visionekane kwenye kipimo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Kijana aliyeishi miaka mitano akijiona sumu kwa kila anayempenda ana haki ya kuambiwa hivyo ana kwa ana, na mtu anayemwamini.

Wazo kwamba walioguswa ndio wafundishane lilianza mbali na Pwani. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kitaalamu ya Marekani iliripoti vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia ya ajabu. Miezi miwili baadaye wanaume wapatao 80 walijazana katika nyumba ya mwandishi Larry Kramer mjini New York kumsikiliza daktari na kuchanga pesa, na mwezi Januari 1982 sita kati yao waliunda shirika la Gay Men's Health Crisis. Rodger McFarlane, mmoja wa waliojitolea, alitoa namba ya simu ya nyumbani kwake kwa yeyote mwenye swali. Usiku wa kwanza walipiga watu zaidi ya 100. Kirusi chenyewe kilikuwa hakijapatikana, serikali ilikuwa kimya, na zilikuwapo hospitali ambako wahudumu waliogopa hata kuingiza sahani ya chakula chumbani kwa mgonjwa. Watu wa kujitolea ndio waliokwenda kupika, kufua na kuosha. Mwaka 1983 wanaume wawili waliokuwa wagonjwa, Richard Berkowitz na Michael Callen, wakisaidiwa na daktari wao Joseph Sonnabend, walitoa kijitabu kilichowashauri wenzao namna ya kuendelea kupendana bila kuuana, kondomu ikiwemo. Ushauri huo uliokoa watu kabla sayansi haijajua inapambana na nini.

Lakini New York ni jiji kubwa, lenye magazeti, mawakili na pesa. Mfano unaofaa zaidi kwa miji yetu unatoka Biloxi, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Mississippi, eneo la makanisa mengi na maneno mengi, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 shoga alikuwa na baa moja au mbili za kukutana na wenzake, basi. Mwanasaikolojia Jeffrey Kelly na wenzake hawakuleta wahadhiri. Waliwafunza wahudumu wa kaunta jambo moja: watazame nani anasalimiwa na wengi, nani akiingia watu husogea kumpisha kiti, nani anaulizwa ushauri. Yakapatikana majina 43. Hao wakaalikwa kwenye vikao vinne, wakafundishwa ukweli kuhusu maambukizi, na zaidi ya hapo wakafanyishwa mazoezi ya kuzungumza. Unaanzaje mazungumzo hayo na rafiki? Unasemaje bila kumhukumu? Unamwambiaje kwamba wewe mwenyewe umeanza kutumia kinga na maisha yako bado yana raha?

Kulikuwa na kitu kidogo katika mpango ule ambacho kinastahili kusimuliwa. Kila aliyehitimu alipewa beji yenye picha ya taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, bila maandishi. Mabango yenye picha hiyohiyo yalitundikwa kwenye kuta za baa. Mtu akiiona atauliza, "Hiyo ni nini?" Aliyeivaa hakuhitaji kutafuta pa kuanzia, mwenzake ameshamfungulia mlango. Kila mmoja aliahidi kuzungumza na watu kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Wanaume waliofanya ngono ya njia ya nyuma bila kinga katika miezi miwili iliyotangulia walishuka kutoka asilimia 36.9 hadi 27.5, huku miji miwili ya kulinganishia ikiwa haijapata mabadiliko ya namna hiyo.

Siri iko katika kumchagua anayependwa. Mashirika mengi ya kwetu yameikosa hatua hiyo. Huchagua mwenye cheti, au anayejua kuandika ripoti, au jamaa wa mtu. Kijana ambaye vijana wenzake humkimbilia wakiwa na shida hubaki nje kwa sababu hakumaliza kidato cha nne. Anayechaguliwa hulipwa posho na kusambaza vipeperushi, na hakuna anayemsikiliza.

Waingereza walijaribu njia ya kina Kelly katika kumbi za mazoezi ya mwili mjini London mwishoni mwa miaka ya 1990, na haikufua dafu. Waelimishaji walikuwa wagumu kupatikana na wagumu zaidi kudumu, na waliobaki waliona aibu kuzungumzia kondomu na mtu anayenyanyua vyuma. Ukumbi wa mazoezi si kijiwe. Watu huja, hutoka jasho, huondoka.

Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, kundi lingine la watafiti lilianza na ukweli ambao wataalamu wa afya huona taabu kuukubali: kijana wa miaka 20 haamki asubuhi akiwaza VVU. Anawaza atampata wapi rafiki, atapendwa na nani, atacheka na nani Jumamosi. Basi mradi wao uliwapa vijana mashoga nyumba ya kukutania na kuwaachia wenyewe waamue la kufanya. Wakapanga sinema, matembezi, mpira wa wavu na dansi, na ndani ya hayo wakaweka kikao kimoja cha saa tatu kwa watu wanane hadi kumi, cha kuzungumza waziwazi juu ya ngono. Aliyefika alipewa jukumu la kumwalika mwingine. Kufikia mwisho wa jaribio, ngono ya njia ya nyuma bila kinga ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 41 hadi 30. Kikao cha saa tatu peke yake kisingefanya hivyo. Kilibebwa na urafiki uliokuwepo kabla yake na uliobaki baada yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina la kuongeza ambalo Biloxi na Eugene hazikulijua kwa ukali huu. Huku warsha inaweza kuvamiwa.

Tarehe 12 Februari 2010, uvumi ulienea Mtwapa, mji ulio kaskazini mwa Mombasa, kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Harusi hiyo haikuwepo. Umati uliizingira kliniki ya KEMRI, mahali ambapo wanaume hawa walikuwa wakipata vipimo na dawa, na baadhi yao walipigwa. Polisi waliwachukua wengine, ikiwa pia ni njia ya kuwaokoa. Kwa muda, wagonjwa waliogopa hata kupita karibu na kliniki hiyo. Nchini Tanzania mkono ulikuwa wa serikali yenyewe: mwaka 2016 ilipiga marufuku vilainishi, Februari 2017 ikasitisha huduma za VVU kwa makundi yaliyo hatarini, wanaume hawa wakiwemo, katika vituo 40, na Septemba mwaka huo polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 20 waliokuwa hotelini wakihudhuria mafunzo ya Ukimwi. Mtu aliyekuja kujifunza jinsi ya kutougua alilala mahabusu. Hakuna hoja ya maadili inayoweza kulitetea jambo hilo, kwani kirusi hakiulizi mwili kilichouingia ni wa nani, na wengi wa wanaume hawa wana wake nyumbani.

Hospitali nayo haikuwa daima pahali pa kukimbilia. Mwaka 2015 wanaume wawili waliokamatwa kaunti ya Kwale walipelekwa kwenye hospitali ya umma na kupekuliwa sehemu za siri kwa nguvu ili upatikane ushahidi. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema mwezi Machi 2018 kwamba upekuzi huo ulikuwa kinyume cha sheria. Miaka mitatu ilipita kati ya tendo na hukumu, na katika muda huo mwanaume mwenye kidonda alikuwa na sababu nzuri ya kubaki nacho nyumbani.

Kilichofuata baada ya Mtwapa kinawapa heshima watu wengi wa Pwani. Watafiti waliandaa mafunzo ya siku mbili kwa wahudumu wa afya 74 kutoka vituo vya ukanda huo. Walisoma masomo kwenye kompyuta, kisha wakakaa kwenye mijadala ambayo mashoga wenyewe walishiriki kuiongoza. Kwa baadhi ya wauguzi ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mwanaume wa namna hiyo swali na kusubiri jibu. Walipopimwa tena miezi mitatu baadaye, chuki ilikuwa imepungua, tena zaidi kwa wale walioanza nayo nyingi. Wahudumu hao hawakulazimika kubadili dini zao. Walijifunza kumuuliza mgonjwa "mwenzako" badala ya kumwamuru "mlete mkeo", na kuchunguza palipo na maumivu bila kukunja uso.

Shirika la PEMA Kenya la Mombasa, lililoanzishwa na wanaume hawa wenyewe, lilithubutu zaidi. Liliwaalika maimamu na wachungaji. Mafunzo ya viongozi wa dini yaliyofanyika Pwani yaliwafikia zaidi ya 200, na hapo pia aliyebadilisha mioyo alikuwa mtu, si takwimu: kijana aliyekaa mbele ya sheikh au mchungaji akaeleza jinsi alivyofukuzwa kwao, alivyolala nje, alivyoacha dawa kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni. Si kila kiongozi aliondoka na msimamo mpya kuhusu ndoa au dhambi, wala halikuwa lengo. Lengo lilikuwa kwamba Ijumaa na Jumapili zifuatazo asiwepo anayewachochea waumini kuokota mawe.

Kazi hii yote ilitegemea sana pesa za nje, na za Marekani hasa. Tarehe 20 Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya kigeni. Vituo vingi ambako mwanaume angeweza kuingia bila miadi, akakaa, akanywa chai na kupimwa, vilifunga milango. Msaada wa Ukimwi uliporudishwa kwa sehemu, PrEP iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wizara ya Afya ya Kenya imeelekeza huduma za VVU zihamie ndani ya kliniki za kawaida za hospitali, kwa hiyo yule aliyezoea duara la viti sasa anapanga foleni pamoja na majirani zake na kujieleza dirishani.

Kaunti haziwezi kusema mikono yao imefungwa. Miongozo ya taifa ya mwaka 2014 tayari inawatambua wanaume hawa kama kundi linalostahili mpango wake wa kinga, pamoja na waelimishaji rika wake. Chumba kimoja katika zahanati kwa alasiri moja ya wiki hakihitaji mfadhili wa Ulaya. Nauli na posho za watu 40 si pesa za kuishinda kaunti yoyote ya Pwani. Wauguzi waliofunzwa wapo, wakiwa wametawanyika katika wodi mbalimbali, na wangeweza kurudishwa kwenye kazi waliyofundishwa kwa barua moja ya afisa wa afya wa kaunti.